Mwandishi, Mhariri, na Kijana Asomaye

Ndugu wasomaji, chukueni kitabu cho chote cha hadithi kilichoandikwa kwa ajili ya vijana, mkatazame jalada lake. Mtaona jina la mtu mmoja, naye ndiye mwandishi. Lakini kitabu kile hakikutoka mkononi mwake moja kwa moja kikaingia mikononi mwenu. Kati yake na ninyi alisimama mtu mwingine, ambaye jina lake mara nyingi halionekani. Huyo ndiye mhariri, yaani mtengenezaji wa maandiko. Yeye ndiye aliyeupokea mswada, akausoma kabla ya watu wote, akauliza maswali, akakata hapa, akaomba nyongeza pale, akasahihisha maneno, na mwisho akaupeleka kwa mpiga chapa. Tena pengine ndiye aliyeukataa mara ya kwanza.

Swali ninalotaka tulipime ni hili: Mtu huyu asiyeonekana ana haki gani juu ya neno la mwenziwe? Akiona sentensi haimpendezi, je, aibadili? Akiona jambo litakalowashtua vijana, je, alifute? Na mwandishi naye, je, apaswa kumtii kama mwanafunzi amtiivyo mwalimu wake, au aweza kusema, "Kitabu ni changu, kiacheni kama kilivyo"? Tusidhani ya kuwa swali hili ni la watu wa mjini peke yao. Tangu mwaka 2023 nchi yetu imekuwa ikitoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Na kijana wa Mapera au wa Mbamba Bay mwenye hadithi njema aweza kuandika na kupeleka mswada wake kama watu wengine. Tena sisi wazazi na walimu hufanya kazi ya mhariri mara nyingi pasipo kuiita kwa jina hilo, kama nitakavyoonyesha mwishoni.

Kwanza yatupasa kuielewa kazi yenyewe. Sisi watu wa milima ya Umatengo tunao mfano wake shambani. Katika kilimo cha ngoro, majani hufyekwa, yakalazwa kwa mistari ya kwenda juu na ya kukingama, hata yakaacha vyumba vya mraba katikati. Kisha huja mwenye jembe, akachimba udongo wa katikati na kuyafukia yale majani, matuta yakainuka pande zote za shimo. Kwa desturi ya zamani kulaza majani ilikuwa kazi ya wanaume, na kufukia ilikuwa kazi ya wanawake. Mvua inyeshapo, maji hukaa mashimoni, udongo hauteremki bondeni, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea ya maharagwe. Mgeni apitaye njiani huyaona matuta na maharagwe, majani hayaoni. Lakini mtu akiinua matuta pasipo majani, shamba lake halitakuwa na nguvu ile.

Kazi ya mhariri mwema ni kama majani yale. Ikiwa imefanywa vizuri, hakuna aionaye. Msomaji afuatapo hadithi inayokwenda sawasawa hajui ya kuwa sura ya tatu hapo awali ilikuwa ya kwanza; wala hajui kwamba mjomba aliyezikwa katika ukurasa wa 10 alikuwa akinywa chai katika ukurasa wa 40, hata mhariri alipouliza, "Bwana, huyu amefufuka lini?" Mwandishi mwenyewe hakuliona kosa hilo ingawa alisoma mara tano, maana yeye asomapo maandiko yake huyasoma yale aliyokusudia, wala si yale aliyoandika. Ndiyo maana wahenga walisema, kinyozi hajinyoi.

Mfano mmoja wa kinyozi mwema watoka Makerere. Mwezi wa Juni mwaka 1962 waandishi wa Afrika walikutana katika chuo kile cha Kampala. Mwanafunzi mmoja wa hapo, Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye wakati ule aliitwa James Ngugi, alikuwa na mswada wa hadithi ya mvulana wa Kikuyu aliyetamani sana kusoma, hali nchi yake ilikuwa katika vita. Aliupeleka kwa Chinua Achebe wa Nigeria, aliyekwisha kuwa na jina kubwa. Achebe aliusoma, akauona uzuri wake, akausifu mbele ya wachapishaji wake wa Heinemann. Na mwaka 1964 ukatoka kuwa kitabu kiitwacho Weep Not, Child, ambacho vijana wengi wa Afrika wamekisoma shuleni. Achebe alikuwa mhariri mshauri wa mfululizo ule wa vitabu vya waandishi wa Afrika kwa miaka yake 10 ya kwanza. Mtu mwenye sifa kama yake angaliweza kumshika kijana yule mkono na kumwandikisha kama Achebe aandikavyo. Hakufanya hivyo. Yeyote asomaye vitabu vya watu hao wawili hawezi kuchanganya sauti zao, na hiyo ndiyo heshima ya kwanza ya mhariri.

Mfano wa pili watoka Unguja. Muhammed Said Abdulla alikuwa mtu wa magazeti, na tangu mwaka 1958 alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima. Mtu huyo aliyezoea kunyoa wengine hakuona aibu kukaa kitini anyolewe. Aliitia hadithi yake katika mashindano ya uandishi wa Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, shirika la vitabu lililoanzishwa Nairobi mwaka 1948. Hadithi ikapata tuzo ya kwanza, ikatoka kitabu mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale; na mpelelezi wake, Bwana Msa, akawa rafiki wa vijana wa pwani na wa bara. Nadhani ingefaa kila mhariri aandike kitabu kimoja maishani mwake, apate kujua jinsi wembe unavyosikika kichwani.

Hata hapa nimesema habari za watu wawili tu. Lakini yuko wa tatu, na huyo ndiye anayelifanya jambo hili kuwa zito: kijana atakayesoma. Mtu mzima akutanapo na neno la uongo kitabuni hulipima kwa maisha yake, akalitupa. Kijana wa miaka 13 au 16 bado anaitafuta mizani yenyewe. Huamini maandishi kuliko sisi, na aonapo jina jaladani huamini ya kuwa mtu huyo amesimama mbele yake na kusema naye. Tena kijana hayumo katika mazungumzo ya mwandishi na mhariri. Hawezi kusema, "Hapa mmenidanganya," wala, "Hapa mmenichosha." Wawili wale humwamulia mtu asiyekuwapo. Watu husema mkono mmoja haulei mwana. Nami naona kitabu cha vijana ni sehemu ya malezi, nacho kina mikono miwili tangu kuzaliwa kwake. Mikono hiyo ikivutana kwa sababu ya kiburi, aumiaye ni mwana.

Kwa sababu hiyo nathubutu kusema hivi: Mhariri ana haki ya kuuliza lo lote. Ana haki ya kushauri, na kushauri tena. Ana haki hata ya kukataa kitabu kizima na kumrudishia mwenyewe kwa adabu. Lakini hana haki ya kutia neno lake kinywani mwa mwenziwe kwa siri. Afanyapo hivyo huwadanganya watu wawili kwa mara moja: mwandishi, ambaye jina lake limetumiwa kwa maneno asiyoyasema, na kijana, aaminiye kwamba anamsikia mtu fulani, kumbe anamsikia mwingine.

Wengine watajibu, "Mwalimu, hayo ni rahisi kusemwa. Mhariri ndiye atakayeulizwa kitabu kikiharibika. Fedha ni za mchapishaji, na lawama ni zake." Hoja hii ina nguvu, nami sitaipita. Tuijaribu kwa mambo matatu, ambayo ndiyo huleta ugomvi: lugha, habari za aibu, na fedha.

Tuanze na lugha. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano huko Mombasa, ikaamuliwa kwamba Kiswahili cha Unguja kiwe msingi wa lugha ya vitabu. Na mwaka 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, na Frederick Johnson akawa katibu wake wa kwanza. Kamati ile iliisoma miswada ya vitabu vya shule na kuipa kibali, nayo kwa njia hiyo ikawa mhariri wa nchi nne: Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Johnson mwenyewe aliwatafsiria vijana wa wakati ule hadithi za Kiingereza, kama vile Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Faida ya kazi ile tunaila hata leo. Kijana wa Maguu aweza kusoma kitabu kilichoandikwa Mombasa na kingine kilichoandikwa Ujiji, asione ugeni katika tahajia. Vitabu vingi vilivyopigwa chapa Peramiho na Ndanda vikafika vijijini mwetu visingalieleweka mbali na huku kama kila mtu angaliandika kwa desturi ya kwao.

Lakini hasara nayo ilikuwapo. Watu wa Mombasa na Lamu, waliozaliwa na Kiswahili na kurithi mashairi ya karne nyingi, walinung'unika kuona maneno yao ya nyumbani yakihesabiwa kuwa makosa, na wanaoyasahihisha ni watu waliojifunza lugha hiyo ukubwani. Hapo ndipo tuonapo mpaka. Kusahihisha tahajia ni kulisafisha dirisha. Kumbadilisha mtu asemavyo ni kulibomoa. Ikiwa mvuvi wa Liuli amesema jambo katika hadithi, asifanywe aseme kama karani wa Dar es Salaam. Kijana wa ziwani atakapokisoma kitabu hicho atafahamu mara moja ya kuwa mvuvi huyo hajapata kushika kasia, naye hatakiamini tena hata pale kisemapo kweli. Mhariri akiona neno la mahali ambalo wengine hawatalielewa, na amwambie mwandishi, "Lieleze kidogo." Mara nyingi mwandishi ataona njia nzuri kuliko ile mhariri aliyoifikiri.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni habari za aibu. Mwaka 1971 ilitoka riwaya ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, iitwayo Rosa Mistika. Yaeleza habari za msichana aliyelelewa na baba mlevi na mkali, akapigwa na kuzuiwa, asifundishwe kuijua dunia. Naye alipotoka nyumbani kwenda shule akaanguka vibaya, hata maisha yake yakapotea. Kwa muda kitabu kile kilipigwa marufuku shuleni. Leo huhesabiwa miongoni mwa riwaya kubwa za Kiswahili.

Waliokizuia hawakuwa wapumbavu. Mzazi ana haki ya kuuliza kama binti yake atajifunza dhambi mahali alipopelekwa kujifunza hesabu. Lakini waliokitetea nao waliuliza swali: Je, mabinti wetu hawakutani na mambo hayo njiani, gulioni, na katika nyumba za kupanga karibu na shule? Kama wanakutana nayo, ni nani aliyewaonya, nao walionywa kwa maneno gani? Mimi naona mhariri wa kitabu cha namna hii ana swali moja la haki la kumwuliza mwandishi: "Je, kitabu chako kinamwonyesha kijana shimo, au kinamsukuma ndani?" Hadithi iupambayo uovu, ikaufanya mtamu pasipo kuonyesha gharama yake, na irudishwe. Hadithi ionyeshayo jinsi ukali usio na mafundisho unavyozaa maangamizi yawahusu wazazi kuliko hata watoto, na pengine ndiyo sababu wazazi huiogopa.

Sasa fikirini kama mhariri mwoga angepokea mswada wa namna hiyo, akauchukua mkasi, akaliondoa anguko la msichana, akamfanya arudi nyumbani salama na baba yake akimchekea. Kitabu kingepita shuleni bila shida. Lakini kingekuwa kimewaambia mababa wakali ya kuwa ukali wao hauna madhara, na kuwaambia mabinti ya kuwa dunia haina mitego. Huko ni kukifunika kidonda kwa kanga nzuri. Usaha hauponi kwa kanga. Mhariri aliyeona kitabu hakifai alikuwa na njia mbili za uaminifu: kusema, "Hiki si cha watoto wa miaka 12, tukitoe kwa wakubwa," au kusema, "Sitakichapisha, mpelekee mwingine." Njia ya tatu, yaani kukifanya kiseme uongo chini ya jina la mtu mkweli, sikubali kuwa ni kuwalinda vijana.

Jambo la tatu ni fedha, nayo huandamana na kukawia. Shaaban Robert, ambaye kila mwanafunzi wa Kiswahili amjua, aliandika Kufikirika mwaka 1946. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni habari za malezi na mafunzo ya mwana wa mfalme. Yaani ni kitabu kiwafaacho vijana na walimu wao. Kilichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake mwaka 1962. Simlaumu mtu, natazama hesabu tu: mvulana aliyekuwa na miaka 15 kitabu kilipoandikwa alikuwa na miaka 36 kilipotoka, naye huenda alikuwa na mwana wa kusoma mahali pake. Mswada ukaao sandukuni pasipo jibu hukatwa sana kuliko ule ukatwao kwa kalamu, maana umekatwa wote. Kwa hiyo mhariri ana deni la jibu. Asemapo "ndiyo" au "hapana" mapema, na sababu yake, amemtendea mwandishi haki hata kama amemhuzunisha.

Lakini tumhurumie na mhariri, maana juu yake yuko mhariri mwingine, naye ni mfuko. Katika nchi yetu watu wanunuao hadithi kwa fedha zao ni wachache. Mnunuzi mkubwa ni shule, na kitabu cha shule hutakiwa kupata ithibati ya serikali kwanza. Kwa sababu ya shida hiyo ulianzishwa mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Mradi huo uliwasaidia wachapishaji kwa kununua sehemu ya nakala za kitabu na kuzigawa kwa shule na maktaba. Tena uliwafundisha waandishi, wachoraji na wahariri kazi zao. Ni msaada mwema, na watoto wengi wamepata kitabu cha kwanza cha hadithi kwa njia hiyo. Hata hivyo ni kweli ya kuwa anunuaye ndiye achaguaye, na mwandishi hujifunza upesi ni hadithi za namna gani zinunuliwazo. Hapo mhariri mwema huwa kama mtu asimamaye mlangoni. Humwambia mwandishi kwa wazi, "Jambo hili laombwa na mnunuzi, wala si mimi niliyeliona kuwa kosa," ili mwandishi achague akijua. Mkulima wa kahawa hukata matawi mti upate kuzaa. Hakati kwa kuwa jirani amesema mti wake ni mrefu mno.

Baada ya kumwambia mhariri mengi, si haki kumwacha mwandishi bila neno. Naye ana wajibu wake. Wako waandishi waupokeao ushauri kama mtu aliyetukaniwa mama. Wakiambiwa sura hii yachosha, hujibu kwamba msomaji hajui fasihi. Ndugu, msomaji wako ana miaka 14. Amechota maji, amechuma kahawa, naye anasoma kwa taa kabla ya kulala. Akichoka atakifunga kitabu, na fasihi yako itabaki imefungwa humo. Kumsikiliza mtu wa kwanza aliyechoka, akakwambia kwa faragha, ni kuepuka aibu ya kuchosha watu elfu hadharani. Mwandishi ana haki ya kukataa shauri, lakini alikatae baada ya kulipima, na atoe sababu kama atakavyo kupewa sababu. Tena asimfiche mhariri jambo: kama hadithi aliisikia kwa mzee fulani, aseme, kama ameichukua mahali pengine, aseme. Mhariri hawezi kumtetea mtu aliyemficha.

Uaminifu huo ukiwapo pande zote mbili, huzaa urafiki wenye nguvu ya ajabu. Henry Chakava wa Kenya aliingia katika kampuni ya Heinemann ya Nairobi mwaka 1972 akiwa mhariri kijana. Baadaye aliiongoza, na mwaka 1992 ikawa kampuni ya wenyeji, East African Educational Publishers. Ngũgĩ, yule mwanafunzi wa Makerere tuliyemtaja, alikuwa amefungwa na serikali mwaka 1978, akaandika riwaya ya Kikuyu gerezani Kamiti juu ya karatasi za chooni. Chakava alikubali kuitoa, nayo ikatoka mwaka 1980, ingawa yeye mwenyewe hakuzaliwa katika lugha hiyo, na watu wengi walidhani kitabu cha riwaya kwa Kikuyu hakitanunuliwa. Alitishwa, akashambuliwa na watu wenye silaha, akajeruhiwa kidole. Hakuacha. Katika miaka ile ile ya 1980 walitoa pamoja vitabu vya vijana vya Kikuyu, habari za mvulana aitwaye Njamba Nene. Chakava alifariki mwaka 2024, na Ngũgĩ mwaka 2025; mtu akitaja kazi ya mmoja wao, haki yataka amtaje na wa pili. Mhariri yule alijua kwamba kulitunza neno la mwenziwe kwaweza kumgharimu damu, naye alilitunza.

Basi, mambo haya yatuhusu nini sisi tukaao Mapera, Litembo, Lituhi na vijiji vya ziwani? Yatuhusu sana. Mwalimu achukuapo insha ya mtoto pamoja na wino mwekundu, yeye ni mhariri. Aweza kuandika pembeni, "Hapa sikuelewa, nieleze," na mtoto akajifunza kufikiri. Au aweza kuifuta sentensi na kuweka yake, na mtoto akajifunza kwamba fikira njema hutoka kwa mkubwa tu. Mtoto wa pili atapata alama nzuri, lakini huenda asiandike tena pasipo kulazimishwa. Kadhalika mzazi atakiwaye na kijana wake kusikiliza barua au hadithi aliyoitunga, asianze kwa kucheka wala kwa kuhukumu. Aulize kwanza, "Ulikusudia kusema nini?" Swali hilo ndilo mlango wa uhariri wote.

Hali kadhalika kijana aendaye kwa mzee ili kuandika habari za zamani, za Wangoni na vita vya Majimaji, au za safari za mitumbwi ziwani, huyo naye ni mhariri wa mzee. Asimtie babu maneno ya kitabu cha shule. Akisha kuandika, arudi amsomee, babu apate kusema, "Hapa sivyo nilivyosema." Na jina la mzee liandikwe mahali pa heshima, kama yeye mwenyewe apenda. Wazee wetu hawakujua neno mhariri, lakini jioni penye moto, msimulizi aliporuka kipande, wasikilizaji walimkumbusha, "Bibi, umemsahau sungura." Bibi alirudi nyuma akamtaja sungura. Hakuna mtoto aliyemnyang'anya bibi hadithi akaimaliza mwenyewe.

Kwa hiyo nikiulizwa, "Kitabu ni cha nani?" nitajibu hivi: Neno ni la mwandishi, nalo abaki nalo mpaka mwisho. Swali ni la mhariri, naye asinyimwe nafasi ya kuliuliza. Na faida ni ya kijana, asiyekuwapo wakati wa kuulizana na kujibiana. Watu wawili wakiwa na kalamu juu ya ukurasa mmoja, na wakashindwa kupatana, na wamweke kijana huyo kati yao kana kwamba ameketi pale, wamtazame usoni, kisha kila mmoja aseme kama neno analolishikilia ni kwa ajili ya mtoto au ni kwa ajili ya jina lake mwenyewe. Naamini magomvi mengi yatakwisha hapo, na yatakayobaki yatakuwa yale yafaayo kugombewa.